Kinamasi Nyuma ya Makaburi

Mwezi wa saba unapokaribia kwisha, watu wa kijiji chetu, Langbukta, huanza kusema uongo. Wote, pamoja na mchungaji. Ukikutana na mtu anatoka nyikani, mabuti ya mpira yamelowa mpaka magotini, shingo imevimba kwa kuumwa na mbu na mkoba umetuna mgongoni, utamuuliza, "Vipi, multe zipo mwaka huu?" Naye atasimama, atajifuta jasho, atakutazama kwa huruma. "Hakuna kitu, jirani. Baridi ya mwezi wa sita imeua maua yote. Nimejichosha bure." Utampa pole. Kila mmoja atashika njia yake, na wote wawili mnajua kwamba ndani ya ule mkoba mna kilo saba.

Hakuna anayemkasirikia mwenzake kwa hilo. Multe haipandwi. Inaota inakotaka, kwenye kinamasi, kikonyo kimoja tunda moja, na ikishaiva ina siku chache tu kabla haijageuka maji. Ni tunda la Krismasi, la harusi, la kumpelekea mgonjwa. Kwa hiyo kila familia ina kinamasi chake, na kinamasi hakiandikwi kwenye wosia. Mzee humchukua mtoto mmoja, siku moja, wakaondoka wawili, wakarudi wawili, midomo imefungwa. Wapo waliokufa nacho. Babu yangu alikufa nacho, na shangazi zangu walimlilia mara mbili.

Solfrid aliingoja siku yake hiyo kwa miaka arobaini na kitu.

Nyumba yake na yangu zinatazamana dirisha kwa dirisha. Haya ninayoyasimulia, mengine niliyaona, mengine alinieleza mwenyewe mezani kwangu, macho yake yakiwa kwenye kikombe. Ana miaka hamsini na saba na ni mpishi katika nyumba ya wazee. Mikono yake ni mipana, imekuwa myekundu kwa maji ya moto, na hajui kukaa bila kufuta kitu. Mumewe, Torleif, huendesha mashine ya kusukuma theluji majira ya baridi, na kiangazi huziba mashimo ambayo mashine hiyo hiyo imeyachimba. Watoto wao wako mjini Tromsø. Huja Krismasi na Pasaka, na nguo chafu.

Mama yake, Borghild, ana miaka themanini na minne na anaishi peke yake katika nyumba ya manjano chini ya kanisa. Tangu mzee afariki, Solfrid hajakosa siku. Akitoka kazini hupita na chakula kwenye chombo chenye kifuniko: mwezi wa pili chewa wa kuchemsha na maini yake, mwezi wa nne supu ya mifupa ya kulungu, kiangazi samoni na matango ya siki. Humfunga mama vifungo vya sweta, maana vidole vya Borghild vimekakamaa tangu majira ya baridi ya mwaka juzi na haviwezi tena vitu vidogo. Macho nayo yamefifia. Anaona mlango, haoni kitasa.

Na kila msimu walikuwa na matembezi yao. Pasaka walikwenda ziwani, wakatoboa barafu matundu mawili, wakalala kifudifudi juu ya ngozi za kulungu, kila mmoja na tundu lake, wakiteta watu huku wakichezesha nyuzi. Machungwa mfukoni, soseji juu ya moto wa vijiti. Mwezi wa tano walikwenda kutafuta mayai ya shakwe kwenye miamba, mama akishikilia kikapu, binti akipanda. Mwezi wa sita walikata rubabu nyuma ya nyumba. Misimu yote walikuwa wawili, isipokuwa mmoja. Multe zikiiva, Borghild alikwenda peke yake.

Alikwenda makaburini. Hivyo ndivyo alivyosema. Alichukua ndoo, akatia maua machache juu, akapita barabarani mchana kweupe akisalimia watu, akaingia lango la mbele la makaburi. Baada ya muda wa saa tano hivi alitoka, ndoo imefunikwa kitambaa cha bluu cha mirabaraba. Vijana wa bandarini walikuwa na mzaha wao: "Marehemu anapendwa sana mwezi wa nane." Kila mtu alijua kwamba makaburi yana lango la nyuma. Lakini lango la nyuma linatoa njia tatu, na kumfuata mtu anayekwenda kwenye multe ni jambo ambalo huku halifanywi. Afadhali uingie chumbani kwake.

Kile kitambaa Borghild alikifunga kwa fundo la aina yake, lenye masikio mawili yanayolala chini kama ya mbwa aliyekaripiwa. Hata ndoo ikidondoka, tunda halimwagiki. Utotoni Solfrid alimwomba amfundishe.

"Utalijua ukilihitaji," mama alimjibu.

Halafu akaja Renate.

Arnulf, kaka yake Solfrid, alikaa kusini miaka ishirini, akaoa, akaachana, akaoa tena, na miaka minne iliyopita alirudi kusimamia mashine za barafu bandarini. Mke wake huyu wa pili ni mtu wa Stavanger, mwembamba, mwepesi wa kucheka, fundi wa nywele. Alifungua saluni katika chumba kilichokuwa posta. Mwezi wa kwanza alikuwa amekwisha kukosea kila kitu: aliuliza watu mishahara, alimkumbatia mchungaji, alikaa kwenye kiti cha marehemu. Borghild akacheka. Solfrid aliniambia kwamba ndiyo sauti iliyomshtua, kwa sababu hakuwa ameisikia tangu mazishi, na yeye aliyekuwa akileta chakula kila siku hakuwahi kuiamsha.

Jumamosi ilikuwa siku ya kumwosha mama nywele. Ilikuwa ya Solfrid tangu zamani: beseni, birika, taulo begani. Jumamosi moja alifika akamkuta mama ameketi dirishani, kichwa kimejaa rola, ananukia kama bustani.

"Wifi, usijisumbue," Renate alisema, kitana mdomoni. "Hii si ndiyo kazi yangu? Wewe umechoka, mwenzangu. Keti unywe kahawa."

"Sijachoka."

"Umechoka, Solfrid," mama alisema kutoka chini ya rola. "Hata ukiniosha unaniosha kama sufuria."

Wakacheka wote wawili. Solfrid naye akacheka, kisha akaenda kufuta jiko ambalo lilikuwa safi. Tangu siku hiyo kitu kilimkaa kifuani, akawa anakihesabia. Mama amemwita Renate "mwanangu". Mama amempa Renate sahani zile za ukingo wa dhahabu, ati zinakaa bure. Mama amekula chapati za maji za Renate nne, na supu ya Solfrid amesema imezidi chumvi. Alikuwa mtu mzima, mwenye umri wa kuwa na wajukuu, na usiku alilala akiwaza chapati.

Siku moja ya Alhamisi, mwishoni mwa mwezi wa saba, alifika na supu ya samaki na kukuta kwenye ukumbi jozi mbili za mabuti. Moja ya mama. Nyingine ndogo, nyekundu, mpya. Zote mbili zimegandwa na kuvumwani, ule ukoga laini wa kijani usioota penginepo ila kwenye kinamasi.

Alisimama pale na chombo cha moto mikononi mpaka vidole vikamuuma.

"Mama, ulikwenda wapi leo?"

"Makaburini."

"Na nani?"

"Na baba yako. Nani mwingine yuko kule?"

"Haya mabuti mekundu ni ya baba?"

Borghild alipapasa meza akitafuta kijiko. "Renate alinisindikiza. Macho yangu hayaoni vizuri, njia ina utelezi. Ulitaka nivunjike kiuno?"

"Mimi nina macho, mama."

"Wewe ulikuwa kazini."

Ni kweli, alikuwa kazini. Angeomba ruhusa. Angeacha sufuria motoni, angewaacha wazee wote ishirini na mmoja wafe njaa. Mama angesema neno moja tu. Alimkatia mkate, akamfunga kitambaa shingoni, akakaa akimtazama anavyokula, na safari hii mama hakusema kama supu imezidi chumvi au la.

Nyumbani Torleif alimwona anakwangua karoti mpaka zikabaki nyembamba kama penseli.

"Nini tena?"

"Mama kamwonyesha Renate."

"Kamwonyesha nini?"

"Torleif."

"Aa." Aliweka gazeti chini. "Sasa, mke wangu, si matunda tu haya? Nitakununulia sokoni, kilo mbili, tatu."

"Kama ni matunda tu, mbona wewe hujanionyesha chako? Tumeoana miaka thelathini na mbili."

Torleif alilinyanyua gazeti tena.

Jumapili walialikwa kwa Arnulf, kama ilivyo desturi yao mara moja kwa mwezi. Wanaume walitoka nje kutazama injini ya boti. Jikoni walibaki mawifi wawili, mmoja anaosha, mwingine anakausha. Renate alikuwa na siri na siri ilikuwa inamchemka. Alikausha sahani ile ile mara tatu.

"Wifi, nikuonyeshe kitu? Mama kaniambia nisimwonyeshe mtu. Lakini wewe si mtu, wewe ni wifi yangu."

Akatoa simu mfukoni mwa aproni.

Borghild alikuwa amekaa juu ya jiwe, katikati ya kinamasi, mdomo wazi, anacheka mpaka jino la nyuma linaonekana. Kilemba kimemwenda upande. Na pande zote, mbele na nyuma, hadi picha inapoishia, multe nyekundu, mamia kwa mamia, nyekundu kama shanga. Multe ni nyekundu ikiwa mbichi. Ikiiva ndipo inageuka rangi ya kiini cha yai.

"Tulikwenda kukagua tu," Renate alinong'ona. "Mama anasema bado siku nane. Ijumaa tunarudi na ndoo. Wifi, mama kanishika mkono njia nzima! Kaniambia, Renate, huku hajawahi kuja mtu mwingine. Nilitaka kulia. Mtu wa kuja kama mimi."

"Mama amependeza," Solfrid alisema.

"Sivyo? Nitaiweka kwenye fremu nimpe Krismasi."

"Wazo zuri."

Alikuwa anautazama ukingo wa picha. Kule juu, nyuma ya bega la mama, kilima kilionekana, na juu yake ule mnara wa simu ambao kila mmoja wetu huuona akifungua pazia. Kutoka kijijini ngazi ya mnara iko upande wa kulia. Kwenye picha ilikuwa kushoto. Na chini yake palikuwa na baka la theluji lisiloyeyuka, umbo la kiatu, ambalo Torleif aliwahi kumtajia, kwamba linaonekana tu ukiwa nyuma ya makaburi, kwenye njia ya kati, ukishavuka maji.

Alirudisha simu, akaendelea kuosha. Maji yalikuwa yamepoa.

Jumanne alitoka kazini saa sita. Aliniambia kwamba alikusudia kuona tu. Aone, ajue, arudi. Alichukua maua bustanini kwangu, akayatia kwenye ndoo, akanipungia mkono, nami nikafikiri, masikini, anamkumbuka baba yake. Maua aliyaweka kaburini, kwa sababu hakuweza kupita na kuyashikilia. Kisha akatoka lango la nyuma.

Njia ilikuwa mwendo wa saa moja na nusu. Mbu walimlaki kama wageni wa harusi. Alivuka maji mahali palipo na mawe matano, akapanda ukingo, akakiona.

Kilikuwa kikubwa kuliko picha. Kilishuka taratibu kati ya miinuko miwili, kimekingwa kabisa na upepo wa bahari, na multe zilisimama wima kila moja na kikonyo chake, vijani vidogo vimezikumbatia, nyingine zimeanza kufifia wekundu upande wa jua. Hapa ndipo mama alipokuwa, kila mwezi wa nane wa miaka hiyo yote. Solfrid alipolala nyumbani na tetekuwanga, mama alikuwa hapa. Alipojifungua mtoto wa kwanza, mama alikuja siku ya tatu, kwa sababu alikuwa hapa. Alitembea polepole. Akalikuta lile jiwe. Mbele yake, kwenye kuvumwani, zilikuwapo alama za miguu, mkubwa na mdogo, ubavu kwa ubavu, karibu karibu, kama za watu wanaoshikana mikono.

Aliinama akachuma moja. Ngumu kama kokwa. Akachuma ya pili.

Kuchuma multe mbichi huku kwetu ni jambo ambalo mtoto wa miaka mitano hukatazwa kabla hajakatazwa kuiba. Halina faida kwa mtu yeyote. Haziliki, hazipikiki, na aliye na haki nazo hapati kitu. Solfrid alijua. Alichuma akijua. Mwanzoni alichuma karibu na jiwe tu, zile ambazo mama angezifikia. Halafu akawaza kwamba Renate ana macho mazuri, Renate atakwenda mbali zaidi, kwa hiyo naye akaenda mbali zaidi. Alijaza ndoo aliyokuja nayo ya maua. Akavua koti, akalifunga mikono, akalijaza nalo. Mbu walimla nyuma ya masikio na hakuinua mkono kuwafukuza, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Alivuka hadi upande wa kushoto wa maji, akamaliza na kule. Alipoinua mgongo jua lilikuwa limehama upande, na kinamasi kizima kilikuwa cha kijani.

"Ulijisikiaje?" nilimuuliza.

"Nilijisikia nimeshiba," alisema. "Mpaka nilipofika kwenye lango."

Alizificha kwenye stoo ya chini, kwenye ndoo mbili na beseni, nyuma ya viazi. Torleif aliona masikio yake, akauliza ameumwa wapi. Alisema makaburini. Torleif alimtazama kwa mara ya kwanza kwa heshima.

Ijumaa alipofika kwa mama na chewa, alisikia sauti kabla hajavua viatu.

"Miaka arobaini na zaidi nimekificha! Hata mume wangu hakukijua, Mungu amrehemu! Nakuonyesha wewe, siku nane tu, siku nane, kimechumwa chote! Kibichi! Na mnyama gani anachuma kibichi?"

Borghild alikuwa amekaa kitini na koti lake, amelowa, mabuti bado miguuni. Ndoo tupu sakafuni, kitambaa cha bluu ndani yake. Renate alikuwa amesimama kwenye sinki, uso umevimba kwa machozi.

"Mama, naapa. Sikumwambia mtu."

"Saluni yako hiyo! Kutwa midomo haifungwi!"

"Kuna nini?" Solfrid aliuliza, kwa sababu ilimpasa aulize.

"Kuna kwamba mimi ni mzee mjinga. Njoo hapa, Solfrid. Keti." Mama alinyoosha mkono hewani mpaka akaupata mkono wake. "Unakikumbuka kile cha zamani, cha kule mtoni?"

"Kipi?"

"Hukumbuki. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilikupeleka, wewe na mimi, nikakununulia na ndoo ndogo. Kesho yake ukamwambia yule mtoto wa Gunnvor, ati mpate kuwa marafiki. Kesho kutwa ukoo mzima wa Gunnvor ulikuwa kule na mapipa. Nilitafuta miaka miwili mpaka nikapata kingine. Nikasema, huyu simwonyeshi tena kitu."

Solfrid alikumbuka ndoo. Ilikuwa ya njano. Kinamasi hakukikumbuka kabisa, wala mtoto wa Gunnvor, aliyekwisha hamia Uswidi. Miaka arobaini na sita aliadhibiwa kwa kosa ambalo lilikuwa limemtoka kichwani kama ndoto ya homa.

"Mama, nilikuwa mtoto."

"Ndivyo ninavyosema. Ulikuwa mtoto, nami nikakushikilia mpaka leo, nikaenda kumpa mgeni. Nimekukosea. Mwakani utanipeleka wewe. Zitaota tena, mizizi iko. Mimi na wewe, kama Pasaka."

Ndiyo siku yake ilikuwa hiyo. Ilikuja hivyo, kwenye jiko linalonuka mabuti, mkono wa mama ukiwa umemshika mkono wake kwa nguvu.

Renate alijipangusa pua. "Mama, nilipiga picha moja tu," alianza, "nikamwonyesha..." Akageuka. Macho yake yalimfikia Solfrid usoni, yakashuka nyuma ya masikio, kwenye yale mavimbe aliyokuwa amejikuna hadi damu. Mpishi, ashindaye ndani ya nyumba ya wazee. Solfrid aliona wifi yake anaelewa. Ilichukua muda wa kuvuta pumzi moja.

"Ulimwonyesha nani?" mama aliuliza.

"Sikumwonyesha mtu," Renate alisema. "Labda ni kweli, mama. Labda niliropoka saluni bila kujua. Nisamehe."

Akakunja kitambaa cha bluu mara mbili, mara nne, akakiweka mezani.

Hapo Solfrid alinieleza jambo ambalo nimelifikiria sana tangu aniambie. Haikuwa huruma iliyomwinua kitini. Alimtazama yule mwanamke mwembamba, mtu wa kuja, amesimama pale anabeba mzigo usio wake, na alichokisikia ni kile kile cha siku ya rola, kile kile cha siku ya mabuti mekundu, mara kumi zaidi. Kwamba hata hili amechukua yeye. Nywele, sahani, kicheko, na sasa na wema. Angeishi nao mji mmoja mpaka kufa, na kila Jumapili kwenye sahani za dhahabu Renate angempitishia viazi na kunyamaza. Hakuweza kumwachia.

"Subirini," alisema.

Alitoka bila koti. Nilimwona kutoka dirishani anapita karibu kukimbia, kisha nikamwona anarudi, ndoo kila mkono, zikimgonga magoti kwa kila hatua.

Aliziweka miguuni kwa mama. Akauchukua mkono wa Borghild na kuutumbukiza ndani.

Vidole vilivyokakamaa vilitembea taratibu. Borghild alitoa moja, akaiviringisha, akaitia mdomoni na kuiuma. Wote walisikia inavyopasuka.

"Ndoo mbili?"

"Mbili na beseni."

"Ulivuka upande wa kushoto wa maji?"

"Nilivuka."

"Na kule umemaliza?"

"Na kule."

Saa ya ukutani ililia. Mama alimeza ile multe kama mtu anavyomeza dawa.

"Ulipokuwa na kumi na mmoja ulikuwa mtoto," alisema. "Renate, nivue hili koti."

Renate alimtazama Solfrid, akasita, kisha akapiga magoti na kuanza kufungua vifungo. Solfrid alisimama, mikono yake mipana imening'inia, ikitazama kazi yake ikifanywa.

"Na uweke kahawa," Borghild alisema. "Vikombe viwili."

Alikwenda nyumbani. Zile multe alizitupa ufukweni, na shakwe hawakuzitaka.

Hata hivyo hakukosa siku. Kesho yake alipeleka chakula, mama akala, akasema asante, kama anavyoambiwa mtumishi mzuri. Krismasi ile meza ya Borghild haikuwa na multe, mara ya kwanza katika kumbukumbu ya watu, akaweka jamu ya rubabu bila kueleza. Pasaka walikwenda ziwani watatu. Matundu matatu, mama katikati. Renate hakujua kuchezesha uzi, na Borghild alipokuwa akimwelekeza, Solfrid alisema, bila kuinua uso kwenye barafu, "Kwa kushoto kidogo, wifi." Mama alitoa chungwa mfukoni, akalipasua, akampa kila mmoja nusu. Jioni Solfrid alinieleza juu ya lile chungwa kwa dakika nzima, ni nusu ipi iliyokuwa kubwa.

Mwaka huu mwezi wa nane ulikuja na joto zuri. Jumatano niliwaona wanapita barabarani, mama na mkamwana, ndoo na maua, wanasalimia watu. Solfrid naye aliwaona, kutoka dirishani kwake. Alishusha pazia, akaoka mikate sita ambayo hakuna wa kuila.

Jioni, jua bado liko juu ya bahari, kulikuwa na ndoo kwenye ngazi yake. Nilikuwa nimekuja kuazima hamira, kwa hiyo nilikuwapo. Ilikuwa ndoo ndogo, ya njano, ya plastiki iliyopauka, yenye ufa kwenye mdomo, na juu yake kitambaa cha bluu cha mirabaraba. Harufu ya multe zilizoiva ilitoka hata bila kufunguliwa.

Torleif alichungulia juu ya bega lake. "Unaona? Mama yako kakusamehe."

"Mama hawezi kufunga hata kifungo," Solfrid alisema.

Lilikuwa fundo la mama, kwa vidole vya Renate. Masikio mawili, yamelala chini. Alikaa kwenye ngazi, akaiweka ndoo kati ya magoti, akalitazama kwa muda mrefu kama mtu anayesoma barua ya mafumbo. Kisha akaanza kulifungua, polepole, akirudi nyuma kila hatua aone lilipita wapi.

"Kula basi," Torleif alisema. "Zitaharibika."

"Ngoja."

Alilifungua lote, akalifunga tena. Likakaa vibaya. Akalifungua. Uso wake ulikuwa mwekundu, midomo imebanwa, na nilijua hasemi na yeyote kati yetu. Mara ya nne likashika. Akaliinua kwenye mwanga, akaligeuza huku na huku, akalifungua tena, kwa sababu sikio moja lilikuwa limetazama juu.